Niliambiwa nitie chaki, nikajibu nimeshatia

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya yamenitokea wiki hii. Sijaongeza chumvi, na penye ujinga wangu nimeuacha kama ulivyo.

Mimi ni mtu wa Taita, fundi wa mitambo bandarini, mwaka wa kumi na moja sasa. Naishi Mji wa Kale, uchochoro mmoja unaotokea Ndia Kuu, chumba cha chini cha nyumba ya Bi Rukia. Kwa karatasi mimi ni mpangaji. Kwa maneno yake mimi ni mwanawe, na siku mbili zikipita sijala kwake napigiwa simu.

Marehemu mumewe alikuwa mkereza mbao. Mashine yake ya kukerezea bado iko pale chini, na mimi ndiye ninayeipangusa na kuichezea siku za mapumziko.

Sasa, Bi Rukia alianguka bafuni akavunjika nyonga. Akafanyiwa operesheni, ikaenda vizuri, alhamdulillahi. (Ndiyo, mimi Mkristo. Kaeni Mombasa miaka kumi na moja mtaniambia.)

Daktari akatoa sharti moja: kitanda kisiwe cha chini, asije akajikunja kila akitaka kuinuka.

Kitanda cha juu anacho, samadari yake ya harusi, yenye nguzo nne. Ila mguu mmoja mchwa walishaumaliza, tukawa tumeweka matofali.

Bintiye, Mwanaisha, hakutaka kusikia habari ya matofali. Alisema mama akitoka hospitali Jumamosi na kitanda hakijasimama sawasawa, anampeleka kwake Kisauni. Simlaumu, ni mamake. Lakini Bi Rukia alinishika mkono pale wodini, akaniambia akitolewa nyumbani kwake safari hii hajui kama atarudi.

Nikamwambia, niachie mimi.

Mdomo ulitangulia akili, wakuu.

Kuukereza mguu kwa nje hakukunisumbua. Marehemu aliacha gogo moja la mvule la unene ule ule, na Jumatano jioni lilishapata umbo. Kazi ilikuwa tundu la katikati, refu, linaloingia pini ya chuma ya kuunganisha mguu na nguzo ya juu. Tundu likienda upande, nguzo inainama na kitanda kizima kinayumba. Na gogo lilikuwa hilo hilo moja.

Kutoboa kwenye mashine ile, unafunga kwenye kichwa cha nyuma kile kidude cha kubana biti ya drili. Sisi wa karakana tunakiita chaki. Kina mkia wa chuma unaopungua unene kidogo kidogo. Hauna nati wala skrubu. Unausukuma kwenye tundu la kichwa hicho na unajibana wenyewe; mbao ndiyo inayozunguka, biti inatulia.

Wangu haukujibana. Nilinunua chaki mpya duka moja karibu na Marikiti, nikaifunga, nikaijaribu kwenye kipande cha mbao ya kutupa. Biti ilipouma tu, chaki nzima ikazunguka ndani ya tundu, ikapiga mluzi, na biti ikaenda zake upande.

Nikapangusa mafuta. Ikateleza. Nikauzungushia mkia karatasi, jambo ambalo ningemwona kijana wa kazini analifanya ningemfukuza. Ikateleza vibaya zaidi.

Alhamisi mchana nikampigia Bi Rukia kumjulia hali. Akaniuliza kazi imefika wapi, nami uongo ukanishinda. Nikamwambia chuma chateleza.

Akaniuliza, "Watia chaki kwanda?"

Nikamwambia ndiyo mama, nimetia.

"Na bado chateleza?"

Bado, nikamwambia.

Akasema marehemu akishatia chaki, chuma hakimsumbui tena. Nikakata simu nimevunjika moyo kabisa. Nilijua sasa kasoro ni mimi.

Jioni, saa ya kuona wagonjwa, nikaenda wodini kumwambia kwamba nimeshindwa. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Mwanaisha alikuwepo, amekuja na begi la kuanza kukusanya nguo za mamake za kwendea Kisauni. Kabla sijafungua mdomo, Bi Rukia akanitupia swali.

"Hiyo chaki watia ya rangi gani?"

Nikamwambia ya fedha, mama. Ile inayong'aa.

Akanitazama. Akamtazama bintiye. "Chaki ya fedha waiona wapi wewe? Marehemu akitia ya buluu. Ya skuli."

Wakuu, fundi mzima nilikaa kwenye kile kiti cha wageni nikashika kichwa. Siku nzima mimi nasema chaki ya chuma, yeye anasema chaki ya ubaoni.

Akanieleza kama anayenielekeza kupika wali. Marehemu alikuwa akichora mistari ya chaki kwa urefu wa mkia, anausukuma ndani, anauzungusha kidogo, anautoa. Buluu ilipofutika ndipo palipogusa. Ilipobaki, hapagusi. Yeye ndiye aliyekuwa akimshikia taa, kwa hivyo ameyaona mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote wa marehemu.

Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikaenda dukani kununua chaki. Muuzaji akaniuliza kama nimefungua madrasa.

Nikachora, nikasukuma, nikazungusha, nikatoa. Buluu yote ilikuwa pale pale, isipokuwa alama moja ndogo karibu na mdomo wa tundu. Mkia ulikuwa umeshikwa mahali pamoja tu. Nikamulika kwa simu, nikakuta ndani ya tundu kuna kinundu cha chuma, kidogo kuliko punje ya mtama.

Nikazungushia kijiti msasa laini, nikakisugua polepole, nikipima kwa chaki kila mara. Mara ya tano buluu ikafutika sawasawa, juu mpaka chini. Nikapangusa pande zote mbili zikawa kavu, nikausukuma mkia, nikaugonga mara moja kwa nyundo ya mbao. Nikajaribu kukizungusha kidude kwa mikono miwili. Hakikusogea.

Nikangoja swala ya Ijumaa imalizike, maana msikiti uko hatua chache. Kisha nikawasha.

Nilitoboa kidogo kidogo, nikirudisha biti nyuma kutoa unga wa mbao. Sikumbuki kama nilipumua. Pini ilipoingia na nguzo ikasimama wima, nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu, na machozi yakanitoka, siwafichi.

Jumamosi tukampandisha ngazi kwa kiti. Mwanaisha alizishika nguzo moja moja akazitikisa, kwa nguvu hasa. Halafu mamake akakaa. Kitanda hakikulia.

Mwanaisha alifungua lile begi, akaanza kuzirudisha nguo za mamake kabatini.

Nililojifunza: mkikwama watu wawili kwenye neno moja, mwambie mwenzako akuonyeshe kwa mikono. Na mkia wa chuma ukiteleza, usiuzungushie karatasi. Chora chaki utaona ulipo ugonjwa.

Wenye mashine za zamani, karibuni mseme nanyi zimewatesa vipi. Na kama kuna njia bora ya kuondoa kinundu, nifundisheni, sitaona haya.

Nitawajibu polepole. Sasa hivi ni adhuhuri, Bi Rukia amelala huko juu anakoroma, na mimi hapa chini sithubutu kuwasha mashine.