Nati Nilizozipaka Mafuta ya Alizeti

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyokuzaa, mwanangu, na usinune. Siku ya kukuzaa nilikuwa na uchungu, ukaisha. Siku hii nilikuwa na hasira, na mpaka leo nikiisimulia sauti inapanda yenyewe. Kaa hapa nikuambie, maana umeanza kuwa mtu wa kuvuta vitu kwa nguvu. Juzi umeng'oa mlango wa kabati kumbe ulikuwa na komeo.

Ilikuwa hapa hapa Ulemo, msimu wa alizeti, kila ua una magunia. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, hujaota hata jino. Babu yako, baba yangu mimi, alikuwa amefariki, akaacha mashine ya kukamua alizeti kwenye kile kibanda cha bati. Tangu alipougua, miaka miwili nyuma, haikuwa imetoa hata tone. Mashudu yalibaki ndani yakakauka kama saruji, na ile parafujo kubwa inayosukuma mbegu ikakwama. Kuyatoa ni lazima ufungue kifua cha mashine, yaani vile vyuma viwili vizito vilivyoikumbatia parafujo. Kifua kinashikwa na bolti nane zenye nati nane. Nane tu, mwanangu. Na zilikuwa zimegoma.

Baba yangu mdogo, Elia, ndiye ukoo ulimpa kusimamia vitu vya marehemu. Asubuhi hiyo akaja na kusema amechoka kuona chuma kimekaa bure, ameshaongea na watu wa skrepa kule Shelui, na gari lao linafika saa kumi alasiri kuja kuichukua.

Nilimpa shikamoo yake kwanza, kwa sababu shikamoo haikatwi kwa hasira. Akaitikia. Ndipo nikamwambia, "Baba mdogo, mashine hii ndiyo imenisomesha mpaka kidato cha nne. Unakwenda kuiuza kwa kilo?"

"Nani ataiendesha? Wewe?"

"Mimi."

"Na mtoto mgongoni?"

"Mgongo ni wangu, baba mdogo."

Akavuta pumzi. Si mtu mbaya, ila hapendi kubishiwa na mtu aliyemwona akitambaa. "Haya. Nimekuja na fundi, nisije nikasemwa. Ikifunguka na ikakamua kabla gari halijafika, ni ya kwako na mama yako, sitaigusa tena. Isipofunguka, inapakiwa."

Fundi alikuwa anaitwa Sadiki, kijana wa gereji ya malori kando ya barabara kuu. Akatoa kwenye mkoba ile spana yenye mdomo wa kupanuka na kubana. Gerejini wanaiita spana malaya, kwa sababu inaingia kwenye nati ya kila mtu. Nimelitaja jina kama lilivyo. Ukikua utalisikia tu, bora ulisikie kwangu.

"Fundi, nati hizo ni namba kumi na tisa," nikamwambia. "Tumia spana yake. Hiyo itateleza."

"Dada, mimi nafungua malori ya tani thelathini."

"Hili siyo lori."

Akacheka. Akachomeka bomba refu kwenye mpini ili apate nguvu, akaning'inia kwa uzito wake wote. Spana ikateleza, ikala kona zote za nati, na fundi wa tani thelathini akakaa chini kwa makalio, puu, juu ya rundo la mashudu. Hapo nikacheka mimi.

Nikaenda ndani kuchukua spana zangu. Spana nzuri za babu yako zilikuwa zimeondoka na watu waliokuja msibani, wengine walilia kwa sauti kubwa kabisa. Hizi zangu nilizinunua mnadani, zimemwagwa kwenye turubai, bei ya kutupa, namba zimegongwa upande. Sadiki alipoziona alishika kiuno.

"Za mnada hizi? Dada, hizi za kufungulia soda. Ukiivuta kwa nguvu inanyooka kama tambi."

Nilikasirika, lakini hakuwa amedanganya sana. Sikiliza hapa vizuri. Spana rahisi ni kama kundi la watu usiowajua, wengine wakweli, wengine waongo, na wote wamevaa sare moja. Nilipozinunua sikuzipeleka kwenye kazi ngumu. Nilizijaribu moja moja kwenye nati laini, za baiskeli, za benchi, za lango la ng'ombe. Iliyopwaya niliiweka kando. Iliyoshika bila kucheza niliipaka rangi ya kucha nyekundu kwenye mpini. Mama yako mdogo akaniuliza kama nazipeleka harusini. Lakini nilijua nyekundu ipi naweza kuiamini, na naweza kuiamini mpaka wapi.

Basi nikachukua kumi na tisa yenye rangi, nikaivalisha nati ya pili. Ikakaa vizuri. Nikavuta. Wapi. Sadiki akaniletea lile bomba lake, nikakataa. Kwa spana ile nilijua ningevunja mdomo wake kabla nati haijatikisika.

"Ni kutu," akasema Sadiki. "Kutu dawa yake moto." Akachovya tambara kwenye dizeli, akalifunga kwenye fimbo, akaliwasha chini ya nati.

Moshi wa dizeli ukapanda, mwanangu, na ndani yake ikaja harufu nyingine. Siyo ya chuma. Ilikuwa harufu ya kikaango kilichosahauliwa motoni, mafuta yaliyoungua, jikoni kabisa.

Mama yangu, bibi yako, alikuwa mlangoni anapepeta mbegu. Ungo ukasimama. Akaniangalia.

Nikainama nikakwaruza pembeni ya nati kwa kisu. Kikaruka kipande kigumu kama ukucha, rangi ya asali. Kutu haina rangi ya asali. Nikajua palepale.

Nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa nasubiri matokeo, baba alinipa kazi ya kusafisha mashine kila jioni. Kufuta aliniagiza yeye. La kupaka nililianzisha mwenyewe, bila kumuuliza mtu. Nilichovya brashi kwenye mafuta yetu ya alizeti, nikazipaka nati zote nane ziwe na mng'ao, zisishike kutu. Nilijiona nina akili. Baba akipita anasema, "Zinang'aa kama meno ya mtoto." Nikapaka misimu miwili. Mashine ikifanya kazi inachemka, na alizeti kwenye chuma cha moto haibaki mafuta, inageuka gundi. Ule utando wa njano nje ya kikaango, ambao sabuni haiutoi, ndio huo huo. Nilizipika zile nati kila siku, na ile miaka miwili ya kusimama ikamalizia kuzigandisha.

Shida haikuwa gundi tu. Tangu msiba nilikuwa nimemtangaza baba mdogo. Kisimani, kanisani, kwenye vikao vya akina mama, kila mahali nilisema mashine imekwama kwa sababu Elia hakuwahi hata kuiangalia. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilisema kwa sauti.

Mama akaja akasimama karibu, akajifanya anakutengeneza mgongoni. Akaninong'oneza kwa Kinyiramba, "Sema wewe kabla sijasema mimi."

Nimewahi kuchapwa fimbo na walimu, haikuuma kama kauli hiyo.

Niliwaza kunyamaza. Kweli kabisa, niliwaza kuchemsha dawa kimya kimya nikidai ni kutu. Lakini Sadiki alikuwa anachukua tindo na nyundo kubwa azikate bolti, akiamini anapigana na kutu, na kila pigo lingepasua kifua cha mashine. Kile kikipasuka ni skrepa kweli.

"Weka chini hiyo," nikasema. "Siyo kutu. Ni mafuta ya alizeti. Nilizipaka mimi."

Baba mdogo akanigeukia. "Wewe?"

"Mimi."

"Mwaka mzima umenisema kisimani."

"Nimekusema. Nilikosea, baba mdogo, na nitakwenda kusema hivyo hivyo kisimani. Sasa nipishe, gari linakuja."

Unajua alifanya nini? Akavua koti. "Unataka nini?" akauliza.

"Magadi. Mengi. Na maji ya moto."

Kikaango kilichoganda tunakisafishaje? Kwa magadi. Basi tukachemsha sufuria nzima, maji mazito ya magadi na majivu, mpaka yakawa yanateleza kwenye kijiti cha kukorogea. Nikafunga mikono kwa mifuko ya plastiki maana yanachubua. Nikakushusha, nikakukabidhi kwa bibi yako. Tukalowanisha matambara, tukazifunga nati zote, hata ile iliyoliwa kona, kama majeraha. Yakipoa tunabadilisha. Baba mdogo anachochea moto, mimi nafunga, Sadiki amekunja mikono anatazama. Raundi ya tano ile njano ikaanza kulainika na kubanduka kama ngozi. Nikaisugua kwa brashi ya waya, nikamimina mafuta ya taa yaingie kwenye nyuzi za bolti, nikagonga kila nati pande zote kwa nyundo ndogo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Kisha nikavalisha spana yenye rangi, na sikuvuta kufungua. Nilikaza kwanza, kidogo tu. Halafu nikagonga mpini kuelekea upande wa kufungulia, pigo fupi, na jingine.

Ka!

Mwanangu, sijawahi kusikia muziki kama huo. Nati ikasogea upana wa punje ya mtama. Nikairudisha, nikaitoa, nikairudisha, nikaitoa, ikaanza kutembea.

Sadiki akakunjua mikono. "Dada, hiyo ya kukaza kwanza umejifunzia gereji gani?"

"Kwenye chupa ya asali. Mfuniko ukiganda unafanyaje?"

Akachukua nyundo, akauliza, "Nigonge wapi?" Tangu hapo alikuwa fundi kweli, na mkono wake ni mzuri nisimdhulumu. Ya pili ikafunguka, ya tatu, mpaka ya saba. Spana ya mnada haikunyooka kama tambi. Haikupinda hata kidogo, kwa sababu hatukuitwika kazi ya gundi. Gundi tuliiachia magadi.

Ikabaki ile moja aliyoila kona kwa spana yake malaya. Ilikuwa mviringo kama kitufe, kila spana inazunguka bure. Saa nane imeshapita. Sadiki hakuniangalia machoni.

Nikarudi kwenye lile boksi. Kulikuwa na spana moja iliyoandikwa kumi na tisa ambayo haikuwahi kuingia kwenye kumi na tisa yoyote. Kiwandani waliikosea ikawa ndogo. Nilitaka kuitupa mara nyingi. Nikaiweka juu ya ile nati mbovu, nikamwambia Sadiki, "Igonge iingie." Akagonga. Ikaingia kwa kukwangua chuma, ikabana mpaka haitikisiki. Kosa la kiwanda na kosa la Sadiki yakalingana kabisa. Tukakaza kidogo, tukagonga.

Ka!

Bibi yako alipiga kigelegele mpaka ukalia. Tukafungua kifua, tukachokoa mashudu kwa tindo, baba mdogo mwenyewe amelala chali chini ya mashine na kanzu yake ya Jumapili haina thamani tena. Tukafunga, safari hii kwa grisi, Sadiki akawasha injini inayoizungusha. Ikakohoa, ikashika. Nikamwaga mbegu. Kwanza ikatoa uchafu mweusi, kisha ikatoa uzi mwembamba wa mafuta, halafu mafuta yakaja kama bomba limefunguliwa, ya njano, yana joto. Nikaweka kiganja chini nikajipaka usoni kama kichaa.

Gari la skrepa likafika tukiwa hivyo. Dereva akachungulia. "Mzigo uko wapi?"

Mama yangu akamjibu, "Mzigo unakamua. Una mbegu?"

Baba mdogo akaenda kwake, akarudi na magunia yake mwenyewe, yale aliyokuwa ameyatenga kupeleka kwenye mashine nyingine. Nikamkamulia yeye wa kwanza. Jumapili iliyofuata nikaenda kisimani nikasema nilichoahidi. Nilisema kwa sauti ile ile niliyomsemea vibaya, nisije nikawa mwizi anayerudisha nusu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kitu kikigoma, usiongeze bomba. Uliza kwanza kimeshikwa na nini, kwa sababu dawa ya kutu siyo dawa ya gundi, na nguvu bila kujua ni njia ya kuharibu kona. Ukiwa na kifaa rahisi usikionee aibu, na usikiabudu pia. Kijaribu siku ya amani, ujue mwisho wake, na usikitume zaidi ya hapo. Wanaume watazicheka spana zako. Wacheke, wewe angalia nati. Na ukinusa harufu ya kosa lako mwenyewe, litaje mapema, wakati bado linasaidia kutengeneza. Usingoje lipasue chuma ndipo useme. Mimi ningenyamaza dakika kumi zaidi, leo usingekuwa unakula, unavaa na kusoma kwa mashine hii.

Mungu akupe macho ya kuona kilichoganda na subira ya kukilainisha. Akupe mikono yenye kazi yake, na watu wa kukunong'oneza ukweli sikioni kabla hujaaibika. Unapoingia pasipofunguka, pafunguke mbele yako, mwanangu, na mlio wake usikike mpaka kwa wanaokuombea mabaya. Amina.