Jani la Sale la Fundi Cherehani

Nilikuwa Masama, kibarazani kwa babu, ukungu wa asubuhi ukipita taratibu kati ya migomba, simu ilipoita kunieleza kwamba yule fundi cherehani wa Moshi mjini amefariki. Babu alisikia. Aliweka kikombe chini, akavua kofia.

Wengi walimjua kwa madera aliyoshona. Mimi nilimjua kwenye benchi la kliniki ya kisukari nilikompeleka babu, naye ni mgonjwa kama wengine, ambaye foleni ikiwa ndefu aligeuka mwalimu wa wenzake. Siku moja nesi alimfokea babu mbele ya watu: “Mzee, unatudanganya. Sukari haishuki.” Babu hakuwa mwongo. Aliambiwa aache vitu vitamu, akaacha hata sukari ya chai. Mbege aliendelea kunywa, kwa kuwa pombe ile ya ndizi kwake ni chachu, tena ni chakula. Hakuna aliyemuuliza. Babu akachukua kofia, akapanda zake nyumbani mlimani, akaapa kutorudi kliniki, huku kidole cha mguu kina kidonda asichokisikia.

Baada ya wiki tatu fundi akatokea uani kwetu, mwanamke wa Kiislamu wa mjini, viatu vimejaa tope, ameshika jani la sale. Huku mlimani, anayekuletea jani hilo anaomba msamaha, na huwezi kumkatalia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nani kakufundisha kushika sale kama mwiko?”

“Sina mwalimu, ndiyo maana.”

“Na wewe umenikosea nini?”

“Ulifokewa pembeni yangu, nikakaa kimya.”

Babu akacheka, akalipokea. Ndipo alipoulizwa, kwa mara ya kwanza, anakula na kunywa nini tangu asubuhi. Alipofika kwenye kibuyu cha mbege, fundi hakushtuka. Alimweleza kwamba sukari hujificha hata ndani ya uchachu, kisha akaomba kuuona mguu, akamwagiza akague nyayo kila siku, naye atamuuliza. Jumatatu waliteremka kliniki pamoja, na kwa matibabu kidole kikapona.

Tunabandika mabango ya afya ukutani, halafu tunamwita mkaidi mtu ambaye hatujawahi kumuuliza amekula nini. Fundi alijua kwamba aliyeaibishwa hasikii somo, hata liwe zuri namna gani. Kwanza arudishiwe heshima yake.

Jana tulikwenda kutoa pole. Babu alitembea kutoka stendi hadi kwa marehemu kwa miguu yake yote miwili. Tuliporudi alivua viatu, akageuza nyayo kwenye mwanga wa dirisha, akakagua kidole kwa kidole. Nikamwambia siku hiyo apumzike.

“Yule mama ataniuliza,” akasema, akaendelea.