Mipira ya Turbo

Mume wangu aliporudi Tlawi baada ya kulazwa hospitali ya Haydom kwa kiharusi, mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu, na maneno yalimtoka moja moja. Nilimhudumia vizuri, lakini subira sikuwa nayo. Akianza tu kusema, "Naomba…", mimi nilishamalizia: maji, kiti, redio. Mara nyingi nilikosea, naye alipokea tu nilichomletea.

Kando ya zizi kulikuwa na pikipiki yake ya Kijapani, kubwa, ya zamani, yenye turbo. Turbo inazungushwa na moshi wa injini yenyewe, nayo huisukumia injini hewa zaidi. Enzi zake ilipanda milima ya huku kama haina mzigo. Kabla hajaugua ilikuwa imeanza kusumbua. Ikifika mwinuko inaishiwa nguvu, inatoa moshi mweusi, inazimika. Fundi mmoja alisema turbo imekufa, bora tuiuze kama chuma chakavu.

Asubuhi moja nilipomaliza kukamua, nilimkuta mume wangu amekaa mbele ya pikipiki, spana mkono wa kushoto.

"Mama, ni… ni…"

Nikasubiri. Sikuwa na la kumalizia, maana sikujua jina la kitu chochote pale.

"Mipira," akasema mwishowe. "Turbo ni nzima. Mipira inavujisha hewa."

Ilimchukua muda mrefu kunielekeza jambo ambalo zamani angelisema kwa pumzi moja. Niliufungua mpira wa kupitisha hewa unaotoka kwenye turbo, nikauziba upande mmoja kwa kipande cha chupa ya plastiki, upande wa pili nikajaza hewa kwa pampu ya baiskeli. Kisha nikapaka povu la sabuni. Kwenye kona, pale kibano kilipokuwa kimebana, mapovu yakaanza kuvimba. Ufa mdogo, wala hauonekani kwa macho. Mume wangu akacheka, mdomo ukienda upande. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu atoke hospitali.

Nilikwenda Katesh kwenye duka la vipuri, muuzaji akanikatia mpira mgumu wa turbo ya lori. Niliporudi nikaufunga, nikataka tuwashe siku ileile.

"Bado," alisema mume wangu. "Tanki lina… kutu."

Tukabishana, akanishinda. Nikaosha tanki na kabureta, nikakwangua vichwa vya nyaya za umeme, nikabadilisha oili na plagi. Kila hatua nilimsubiri aseme, na nilianza kuona kwamba mtu niliyedhani amepungua alikuwepo mzima. Ni mimi niliyekuwa namkatiza.

Mimi ndiye niliyeijaribu. Nimezoea pikipiki ndogo, kwa hiyo niliondoka kwa woga kuelekea Dongobesh. Kwenye mlima nikaongeza moto kidogo, ikatulia sekunde moja, kisha ikanivuta kwa nguvu mpaka nikapiga kelele peke yangu barabarani. Haikutoa moshi.

Mvua zote zilizofuata haijatuangusha. Juzi nimeifikisha hadi Masakta kufuata maharage. Niliporudi, mume wangu alikuwa amesimama getini na fimbo yake. Nikasimama, nikazima.

"Umezima mapema," akasema, amekunja uso kabisa. "Turbo… bado ya moto. Iache ingurume taratibu kwanza, ipoe."

Nikaiwasha tena. Tukasimama wote wawili pale getini tukiisikiliza, maharage yakiwa bado yamefungwa nyuma.