Siku Shangazi Chanuo Alipoingia Laivu

Ukitaka kumjua shangazi yangu, mpelekee mtoto mwenye nywele ngumu na roho ngumu kuliko nywele. Wale wanaoanza kulia tangu barabarani, wakifika wanakumbatia fremu ya mlango kama wanapelekwa korokoroni. Shangazi habembelezi mtu. Anampa mtoto kioo cha mkononi, anamwambia, leo wewe ndiye bosi, ukiona mstari umepinda nifukuze kazi. Basi mtoto anakaa wima, anakunja uso, anakagua. Kabla hajapata sababu ya kumfukuza mtu, kichwa kimeshasukwa. Nimeona watoto wa chekechea wakitoka pale na sura za maofisa wa ukaguzi.

Wateja wanamwita Shangazi Chanuo, kwa sababu asubuhi anachomeka chanuo nywelini mwake, halafu kutwa nzima anauliza nani kaliiba. Ni dada mkubwa wa baba yangu, kwa hiyo kwenye ukoo wetu neno lake ndilo la mwisho, na lisipokuwa la mwisho atalirudia mpaka liwe. Saluni yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la balbu na fundi viatu. Ina viti vitatu, kimoja kimegoma kupanda na kushuka. Ina draya mbili za kukaushia nywele. Moja inatoa joto, nyingine inatoa kelele tu, na hiyo ndiyo wanayokalishwa wanaobishana bei.

Sheria ya mle ndani ni moja, na haijabandikwa ukutani maana yeye mwenyewe ndiye bango: mtoto hapakwi dawa ya nywele, havishwi wigi, habandikwi kope wala kucha. Mama akibisha anaambiwa saluni ziko nyingi, aende akaharibu huko. Wengine wananuna, wanaenda, na mwezi ukigeuka wanarudi na mtoto mwenye kipara pembeni ya masikio.  Shangazi anamwangalia tu, na kama nyie hamjawahi kuangaliwa na shangazi yangu, shukuruni.

Sasa siku moja sheria hiyo ikakutana na wifi yake.

Wifi mwenyewe ni mama mdogo wangu, mke wa baba mdogo, keshia kwenye duka la dawa. Mcheshi, mchapakazi, anampenda mwanawe mpaka inakuwa usumbufu. Mwanawe ni Kijiko, binti wa miaka tisa, kichwa cha mviringo na mwili mwembamba, jina lilijileta lenyewe. Mambo yalianza kwa utani tu. Kijiko alivaa viatu vya mama yake vya kisigino, akaiga anavyogombana na wateja wa duka la dawa, mama mdogo akarekodi, akaposti. Watu wakacheka nchi nzima. Mpaka hapo hakuna kesi, hata mimi nilicheka.

Tatizo ni kwamba kicheko kikaanza kudai nyongeza. Video ya pili ikawa na lipstiki. Ya tatu na kope. Ukurasa ukapewa jina, Madam Kijiko, na kila wafuasi walivyoongezeka ndivyo Madam alivyozidi kuwa mtu mzima: kukaa kwa pozi, kuongea kwa madaha kuhusu wanaume wasiojielewa, maneno aliyokaririshwa ambayo hata maana yake hakuijua. Wenzake wakiruka kamba nje, yeye anakaa dirishani kwa sababu akijikwaruza goti litaonekana kwenye kamera. Shangazi alilisemea hilo mara nyingi. Jibu la mama mdogo lilikuwa lilelile: mtoto mwenyewe anapenda, na wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe.

"Aliyesema hivyo hakuwa na saluni," shangazi akamwambia. "Mimi nyembe ninazo pakiti nzima kwenye droo, wifi, na sijawahi kumpa mtoto hata mmoja."

Halafu kampuni ya vipodozi ikapiga simu. Wanamtaka Kijiko awe sura ya lipstiki yao mpya, video kila wiki, mwaka mzima. Mkataba Jumatatu. Ila kwanza Jumamosi afanye laivu, aonekane mtandaoni moja kwa moja, waone watu wanavyompokea. Mama mdogo akaona mahali pazuri pa laivu ni saluni, penye vioo na harufu ya urembo, na saluni si ya familia?

Kwa hiyo Jumamosi mchana, nami nikiwepo, akatua na mtoto, taa ya duara, stendi ya simu, na wigi refu ndani ya mfuko. Shangazi alipoliona lile wigi alisema hapana, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mama mdogo akasema haya, basi asisumbuke, atamvisha mwenyewe, anaomba kiti tu.

Hapa ndipo sote tulipopigwa na butwaa, kwa sababu shangazi alikubali. Akauliza kitu kimoja tu: wanaomwangalia huyu mtoto ni akina nani? Mama mdogo akasema mashabiki, wanawake wenzao, watoto wenzake. Akauliza tena, na wanaandika nini? Mama mdogo akacheka. Maoni yanapita mbio, nani ana muda wa kuyasoma, yeye anaangalia mioyo tu inavyopanda. Ukiona mioyo ujue unapendwa.

"Basi wewe angalia mioyo," shangazi akasema, "mimi nitasoma."

Akatoa simu yake, akavaa miwani, akakaa kwenye draya ya kelele akiwa ameizima. Kijiko akakaa kitini, wigi limemfika kiunoni, taa imemmulika usoni, akaanza kukariri yale maneno yake. Na shangazi akaanza kusoma. Si kimoyomoyo. Alisoma kwa sauti ileile anayowaitia wateja walio kwenye foleni.

"'Huyu si mtoto, huyu ni wa kuolewa kabisa.' Ameandika mtu anaitwa Mfalme wa Mapenzi."

 Dada Kucha, msaidizi wake anayepaka rangi za kucha, akasimamisha brashi hewani.

"'Madam, mama akitoka niandikie pembeni nikupe zawadi.' Mjomba wa Neema."

"Wifi, hao ni wapuuzi wachache tu," mama mdogo akasema, macho kwenye kioo cha simu.

"Sawa. Nawasubiri wale wengi wenye akili." Akaendelea. Akasoma ya mmoja, akasoma ya mwingine, akaruka kadhaa akisema haya siwezi kuyatamka mbele ya mtoto, na yale aliyoruka ndiyo yaliyotutisha zaidi. Kwenye skrini ni vijimstari tu vinavyopita. Yakitamkwa na mwanamke mzima, ndani ya chumba, huku mwenyewe anayesemwa amekaa hapo miguu haigusi sakafu, yanakuwa kitu kingine. Kulikuwa na mteja mwenye dawa kichwani iliyopaswa kuoshwa zamani. Dada Kucha akamvuta aende sinki, akakataa. Akasema inamuunguza kweli, lakini shangazi amalize kusoma kwanza.

Hatimaye shangazi akampata mtoto mmoja mwenzake Kijiko, yule ambaye mama mdogo alituahidi. Aliandika kwamba yuko darasa la tatu na anamwomba Madam amwambie wapi atapata wigi kama lile, kwa sababu bila wigi yeye ni mbaya.

Mama mdogo akaacha kuangalia mioyo. Nadhani hilo lilimgusa kuliko yote mpaka hapo. Lakini aliyeimaliza kazi ni Kijiko mwenyewe. Alikuwa ameacha kukariri, anasikiliza, akageuka kwa mama yake.

"Mama, huyo Mjomba wa Neema namjua. Alisema ataninunulia simu yangu."

"Amekwambia wapi?"

"Kwenye simu yako, ukiwa unaoga. Akaniambia nisikwambie, ni siri ya watu wazima. Na mimi si Madam?"

Nimemwona mama mdogo akipambana na wateja waliokuja na cheti cha daktari cha kughushi.  Siku ile hakupambana na mtu, aliiacha simu kwenye stendi. Kisha akamvua mwanawe lile wigi, taratibu, kama anayetoa kitu kinachoweza kumuumiza, akamkumbatia pale pale na kumwambia hajakosea kitu, aliyekosea ni huyo mtu, na siri ya namna hiyo hata ikitoka kwa rais ailete kwa mama. Halafu akanyoosha mkono azime laivu.

"Usizime," shangazi akasema. "Nipishe."

Kijiko akapelekwa kwa Dada Kucha akaoshwe uso, nyuma ya pazia ambako kamera haifiki. Shangazi akapanda kile kiti. Akarekebisha miwani, akalipata chanuo lake, akalishika kama mwenyekiti wa kikao.

"Hamjambo. Anayezungumza ni shangazi yake Madam. Madam ana miaka tisa, hajui kufunga kamba za viatu vyake vizuri. Anayemtaka anapitia kwangu. Lakini kabla ya yote, sijaamkiwa. Mfalme wa Mapenzi, naanza na wewe."

 Halafu likaingia swali, bibi huyu katoka wapi. Shangazi akamjibu kwamba bibi ni saizi ya mama yake, kwa hiyo adabu ile ile ya nyumbani itatosha. Na ndugu zangu, malezi ni kitu cha ajabu. Mtu kajificha nyuma ya jina la bandia na picha ya simba, hakuna anayemjua, angeweza kutukana na kwenda zake. Mfalme wa Mapenzi akaandika: shikamoo.

"Marahaba, baba. Mama yako hajambo? Yupo hapo karibu? Mpe simu nimweleze unachowaambia watoto wa watu."

Mfalme akakimbia ufalme. Wa pili akaamkia, akaulizwa umri, akakimbia. Saluni nzima ikashika simu. Mteja wa dawa, kichwa kinafuka, akamwuliza mmoja kama mkewe anajua yuko huku. Wanawake waliokuwa wakiangalia majumbani mwao nao wakaingia, kila mmoja na kiherehere chake, kila mwanaume anaitwa kwa jina alilojipa na kudaiwa shikamoo. Skrini ilijaa shikamoo kama msiba wa chifu. Ndani ya muda mfupi walikuwa wamebaki wanawake watupu, wanaulizana wanasukia wapi.

Mjomba wa Neema hakuamkia. Aliondoka kimyakimya. Lakini mama mdogo alishapiga picha ujumbe wake wote, na siku hiyohiyo aliubeba kituo cha polisi, kwenye ofisi inayoshughulikia watoto, akaeleza yote bila kuficha sehemu yake. Ofisa alikuta huyo mjomba ameshawaandikia watoto wengine pia. Wiki iliyofuata alikamatwa, na ikajulikana kuwa hana mpwa anayeitwa Neema. Ukurasa wa Madam ulifutwa jioni ileile, pamoja na mioyo yake yote.

Jumatatu dada wa kampuni akapiga, furaha tele. Laivu ilikuwa moto, hajawahi kuona. Wanamtaka mtoto, na shangazi juu, wawe wawili, watauza sana. Mama mdogo akaweka spika tusikie.

"Mtoto hayupo, kaenda kucheza."

Dada akauliza atarudi saa ngapi.

"Mwache akue. Akishakua, mpigie yeye mwenyewe, asikie kwa masikio yake akukatalie au akukubalie. Shangazi yake yuko hapa, lakini anasema hata akiipaka lipstiki yenu, mdomo wake hautanyamaza."

Dada wa kampuni akasema atarudi kwetu baadaye, tukamtakia safari njema.

Kijiko alirejea jua likipungua, vumbi mpaka kwenye nyusi, goti moja limechunika, anahema. Akatangaza kwamba ameruka kamba mara mia mbili bila kukosea na kuwashinda watoto wote wa mtaa, hata wale wakubwa wa darasa la saba. Hakuna aliyekuwa amerekodi, kwa hiyo ikabidi tumwamini.