Kinga Niliyoichemsha Ofisini

Nakiri kosa langu, na anayetaka kucheka acheke. Kule Kisauni, muuzaji aliyevaa koti jeupe aliniuzia unga wa mizizi wa kuongeza kinga ya mwili. Mimi hujisifu kwa udadisi, lakini nilimuuliza swali moja tu: vijiko vingapi?

Ofisini kwetu Kipevu, tunakoshughulikia makaratasi ya makontena, nikajifanya daktari. Kila asubuhi niliuchemsha ule unga, na ulipokuwa mzito niliwaambia wenzangu kwamba uzito huo ndio kinga yenyewe. Juma, karani mwenzangu, alikuwa akikohoa kwa wiki ya pili. Nikamkataza kwenda zahanati.

"Watakujaza vidonge bure," nikamwambia. "Mizizi inaamsha askari wa damu."

Jana Mama Kadzo, anayetupikia chai, aliomba aonje. Akalamba kijiko, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mzizi ni mzizi kweli. Huu ni muhogo. Mamangu alitulea kwa uji huu huu."

"Una hakika, mama?"

"Hakika. Ila yeye alitia sukari."

Wenzangu walicheka hadi wakashika meza. Juma hakucheka. Alikohoa, akakiweka kikombe chake mbele yangu, akaenda zahanati.