Kule Msituni Watu Huitana

Watu wa hapa Mvumi, Dodoma, wakijua kwamba nimewahi kwenda pwani ya kusini, upande wa Lindi, huwa wana swali moja tu: bahari ikoje? Bahari mimi niliisikia tu. Ilikuwa nyuma ya miti, inanguruma kama jirani anayesaga mtama, na kila nilipoomba nipelekwe niliambiwa, "Tutakwenda, mama." Nilichokiona mimi ni miti. Basi kwa kuwa mnaniuliza, na wengine mna mabinti wameolewa huko huko, nitawaeleza, ila msinikate maneno.

Kwanza, usitafute mlima. Sisi hapa mtu akipotea anatazama vilima, anajua hiki nikikiacha kuume nafika nyumbani. Kule hakuna kilima, hakuna upeo, hata jua lenyewe linafika chini limechoka. Ni miti, mikorosho ikiisha inaanza miti ya porini, na ndani ya miti kuna nyumba, na nyumba haioni nyumba nyingine. Niliposhuka kwenye basi nikauliza nyumba ya wakwe zangu iko wapi, nikaonyeshwa msitu kwa kidevu. "Hapo tu," wakasema. Hapo wapi? Nilisimama na mzigo wangu wa karanga na mlenda mkavu nikijiuliza kama nimeshuka kwenye kijiji au nimetupwa porini.

Sikwenda kutembea. Mnajua wote nilichokifuata. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa na mimba ya kwanza, na uzazi wa kwanza kwetu mtu huzalia kwa mama yake. Chumba nilishakipaka chokaa. Kuku nilishawatenga. Hospitali yetu hii hii ya misheni nilikomzaa yeye ndiko nilikotaka ampokelee mtoto wake, na mimi niwe nje pale kwenye benchi, nimekaa na kanga zangu. Nilikwenda kumchukua, basi.

Mbona walinipokea vizuri! Hilo ndilo lililonivuruga. Nilipoingia uani nikasema "mbukwa", salamu yetu, nikamngoja mwanangu anijibu "mbukwa" kama alivyozoea tangu anaota meno. Badala yake akaja na tumbo lake, akainama, akaubusu mkono wangu, "Shikamoo mama." Nikasema marahaba. Nifanyeje? Nikautazama mkono wangu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mkwe mwenzangu, yaani mama wa mume wake, akanikumbatia, akaniletea maji ya moto ya kuoga, wali wa nazi, samaki, na juu ya yote hayo kicheko. Mwanamke mwembamba, mpole, anaongea kama anabembeleza mtoto alale.

Nikamweleza siku ile ile, maana mimi sijui kuzungukazunguka. "Mkwe, nimekuja kumchukua mwanangu akajifungulie nyumbani."

"Karibu sana, mkwe," akasema. "Kula kwanza."

Kesho yake nikamwambia tena. "Inshallah," akasema. Nikamwambia mkwe wangu mwenyewe, mume wa binti, kijana wa watu anayelima korosho. Akainamisha kichwa: "Nimesikia, mama." Nimesikia! Kusikia ni kukubali? Kwetu mtu akikataa anakataa, unajua, unakasirika, unakwenda zako. Kule hakuna aliyesema hapana na hakuna aliyesema ndiyo. Nilimuuliza binti yangu, "Hawa watu wamekubali au wamekataa?" Akasema, "Mama, ngoja kidogo," akaenda kukuna nazi. Nilianza kuwaza labda mimi ndiye nisiyejua Kiswahili.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi mtaaibika. Siku ya kwanza jioni nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikichambua mchele. Nikasikia yowe kutoka msituni: "Huuuu!" Sauti ya mwanamke, kali, ndefu. Jamani, nyie mnajua yowe kwetu ni nini. Yowe ni ng'ombe wameibwa, nyumba inaungua, mtu amekufa. Ungo ukaanguka kule na mchele kule, nikashika mchi, nikatoka mbio nje nikisema, "Wapi? Wapi?" Mkwe mwenzangu wala hakuinuka. Akageuza shingo tu, akajibu, "Huuuu!", kisha akaendelea kuparua samaki.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mama wa Dodoma anakwenda vitani!" Binti yangu naye alicheka, tena yeye ndiye aliyecheka zaidi, halafu akanieleza. Kule mtu akitoka shamba huita, na wa nyumbani huitika, ili ajue njia iko sawa na wao wajue anakuja. Kama wa nyumbani hayupo, jirani huitika. Ni lazima. Kumwacha mtu aite bila kuitikiwa ni ukatili, afadhali umnyime chakula. Nikafikiri, haya, ina maana. Sisi mgeni tunamwona angali mbali, vumbi lake linatangulia, unapata muda wa kumkamata kuku. Kwao humwoni mtu mpaka akukanyage. Nikaelewa kwa kichwa, lakini mwili wangu haukuelewa, kila jioni nilikuwa nashtuka na kutafuta mchi.

Uvumilivu ukanishinda. Alasiri moja, mkwe mwenzangu yuko shambani kuchimba mihogo na binti yangu amelala, nikasema mimi nakwenda mwenyewe barabarani kuulizia basi la kesho. Wakiniona nimerudi na jibu watasema ndiyo au hapana, lazima waseme. Nilikataa hata kumwamsha mtu anielekeze. Njia si nimepita nayo?

Nilipita nayo mara moja, tena nikiwa nafuata mgongo wa mtu. Njia ikagawanyika, nikachukua ya kulia. Ikagawanyika tena. Nikafika kwenye mti mkubwa wenye mizizi kama kuta, nikaupita, na baada ya muda nikaukuta tena mbele yangu. Loo! Nikautukana ule mti kwa Kigogo, lugha yetu. Nikatafuta jua, nikapata vipande vyake tu kwenye majani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, nikakaa chini.

Jioni ikaanza kuingia na miito ikaanza. Huku "huuuu", kule "huuuu". Kisha nikasikia wananiita mimi: "Mamaaa!" Najua mnaniuliza, si uitike? Siwezi. Nilifumba mdomo. Mimi nimelelewa kwamba mtu akipiga yowe bila msiba watu watamlaumu mpaka kaburini, na mtu mzima kama mimi, mama mkwe, nipige yowe kwa sababu nimepotea nyuma ya nyumba ya watu? Nikajiambia nitatembea mpaka nitakapoona kitu.

Halafu nikafikiri: anayeita ni nani? Kama ni mwanangu, basi yuko msituni na tumbo lile, kwenye mizizi ile, giza linakuja, na ananitafuta mimi niliyesema nimekuja kumtunza. Akianguka je? Nikasimama nikaita. Mara ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Mara ya pili ilitoka yote, "Huuuu!", ndege wakaruka.

Nikaitikiwa na sauti mbili. Moja kuume, moja kushoto. Zote ndefu, zote zinapanda mwishoni kwa namna moja. Nikaita tena, zikaitika tena. Nilisimama pale katikati nikageuza kichwa huku na huku, na sikujua ipi ni ya mwanangu. Mtoto niliyemzaa! Niliyekuwa namtambua kwa kikohozi tu kanisani, katikati ya watoto wote! Nikachagua ya kuume, ilionekana ina wasiwasi zaidi, nikasema huyu ndiye. Nikaifuata mbio, matawi yananichapa, nikitamka jina lake.

Alikuwa mkwe mwenzangu, na kapu la mihogo kichwani. Aliponiona alilishusha kapu akanishika mikono yote miwili. "Umetutisha, mkwe." Kisha akainua uso akaita, na ile sauti ya kushoto ikaitika, karibu zaidi sasa. Akaniambia kwa upole wake ule, "Huyo ndiye mwanao. Anakuja taratibu, usiogope."

Yeye alijua. Mimi sikujua, nikaambiwa na yeye.

Binti yangu alitokea kwenye miti ameshika tumbo kwa chini, analia na kunigombeza kwa pamoja. Mkwe mwenzangu akachukua kapu lake akatangulia, akatuacha nyuma makusudi. Ndipo mwanangu aliposema. "Mama, nataka kuzalia hapa. Wao walisema ni mimi nikwambie, si wao. Nami nikaogopa hasira zako."

Kumbe ndilo lililokuwa likiwafanya wote wanizungushe! Nilitaka kufoka. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nilikuwa nimeshika mkono wake kwa sababu bila yeye nisingeijua njia, na ni vigumu kumfokea mtu anayekuongoza. Nikasema, "Haya." Nililia usiku wote, nisiwafiche, na asubuhi nikawaachia mlenda wangu nikapanda basi.

Tangu nirudi sijui vizuri mimi ni mtu wa wapi. Siku moja natoka shamba, nafika pale pa mawe ambapo paa la nyumba yangu linaonekana, nikajikuta nimeita, "Huuuu!" Mungu wangu! Wanaume wakatoka na fimbo, wanawake na mishipi kiunoni, mmoja wenu anayesikiliza hapa alikuja na panga. "Kuna nini?" Nikasema hakuna kitu, narudi nyumbani tu. Mkatazamana, mkasema pwani imemharibu bibi wa watu. Hakuna aliyeitika.

Juzi simu imelia. Mtoto amezaliwa, wa kike, salama, mkwe mwenzangu ndiye aliyekaa kwenye benchi. Binti yangu akauliza kama nitakuja. Nikamwambia nitakuja, na safari hii sitamwuliza mtu njia, nitasimama pale barabarani niite.

"Mtaitika wengi, najua," nikamwambia. "Ila wewe, mwanangu, wewe niitikie 'mbukwa', nijue ni wewe."