Mji wa Mtoni wa Mama Odile

Kwamboka hajawahi kukanyaga Ufaransa, lakini mji mdogo wa Sorvielle anaujua kuliko Al Rayyan, pembeni mwa Doha, anakoishi. Mto unauzunguka pande tatu. Kuna daraja la mawe lenye matao sita, la enzi za mashua za kubeba mvinyo. Kuna kanisa lililonyang'anywa kengele wakati wa vita. Na ukingoni kuna kinu cha unga, alikozaliwa Mama Odile, bibi ambaye Kwamboka ameajiriwa kumtunza.

Odile ana miaka themanini na minne, na akili inamponyoka. Jioni hofu ikimshika, Kwamboka humtembeza mjini kwao kwa maneno. "Tuko darajani, Mama. Tupite sokoni?" Naye hutulia. Kutulia ni lazima, maana mwanawe Étienne alishasema kwamba mama akianguka tena, atampeleka kwenye nyumba ya wazee. Odile alilia siku hiyo, na Kwamboka akamwahidi kuwa hapelekwi popote. Ahadi ya mfanyakazi wa ndani, jamani!

Mwezi wa nne mvua iliipiga Doha mpaka barabara ya mbele ikajaa maji. Odile alisimama dirishani, ghorofani.

"Mto umepanda?" akauliza.

Kwao Kisii mtu mzima hakosolewi. Unaitikia kwanza, mengine baadaye.

"Ee, Mama, umepanda kidogo," Kwamboka akajibu, akashuka jikoni kupasha supu.

Maskini, hakujua. Katika matembezi yote yale Odile hakuwahi kusema kwamba utotoni mwao, mwaka ule mto ulipofurika, mdogo wake Luc alisahauliwa ndani ya kinu, akafa maji. Kishindo kiliposikika, Kwamboka alikimbia akamkuta bibi chini ya ngazi, nyonga imevunjika, anaita, "Luc! Nakuja!"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia la kufanya mkuu mwenyewe akipotea, na mimi hilo nawalaumu.

Étienne hakufoka. Alitia saini karatasi za nyumba ya wazee pale hospitalini, akamwambia Kwamboka afungashe nguo za mama yake.

Gari lilipokuwa linasubiriwa, Kwamboka aliinama kitandani huku machozi yakimtoka. "Mama, tuko darajani. Tupite sokoni?"

Odile akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usinirudishe huko," akasema. "Mtoto bado yumo ndani."